Kidole Juu ya Lenzi: Rekodi za Simu Zenye Macho Mengi, Zilizopimwa Toronto

Shangazi yangu aliyeko Tanga hajawahi kufika Kanada, lakini mnara wa CN anaujua kama anavyoujua mnazi wa uani kwake. Kila nikipata simu mpya hunitumia sauti ileile kwa WhatsApp: "Haya mwanangu, nipigie tena ule mnara, tuone hii inaonaje." Kwa hiyo nimeupiga picha mnara mmoja, kutoka sehemu zilezile, kwa simu moja baada ya nyingine. Katika kuzilinganisha picha hizo nimejifunza kusoma zile namba ndogo zinazojipanga chini ya skrini ya kamera: 0.5, 1, 2, 3, 5, 10, na kwa baadhi ya simu hadi 100. Zimeandikwa kwa mwandiko mmoja, ungedhani ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Baadhi yake zina kioo nyuma yake, nyingine zina mkasi tu: simu inakata kipande cha katikati cha picha na kukipanua.

Toronto ni mji wa rekodi, na kamera za simu nazo huuzwa kwa rekodi. Hizi ndizo ninazoona zinafaa kujulikana na mtu anayetaka simu yake itii mkono wake.

Mnara uliokaa juu miaka 32, na lenzi inayoumeza mzima

Mnara wa CN una mita 553.33. Tarehe 31 Machi 1975, ukiwa bado unajengwa, uliupita mnara wa Ostankino wa Moscow na kuwa jengo refu kuliko yote duniani linalosimama bila kushikiliwa na nyaya. Ulikaa na sifa hiyo hadi Septemba 2007, Burj Khalifa ya Dubai ilipoupita, nayo ikiwa bado mikononi mwa mafundi.

Mgeni anayeshuka kituo cha treni cha Union akatembea hadi chini ya mnara, jambo la kwanza analofanya ni kuinua simu. Na jambo la pili ni kurudi nyuma, hatua kwa hatua, huku akigongana na watu. Hesabu yake ni nyepesi. Lenzi kuu ya simu nyingi, ile ya namba 1, ina upana unaolingana na milimita 24 kwa lugha ya wapiga picha. Ukiishika simu wima inaona kiasi cha nyuzi 71 kutoka chini hadi juu. Maana yake, ukiwa karibu na mnara kuliko mita 180 hivi, shina na kilele haviwezi kukaa pamoja katika picha moja, uinamishe simu utakavyo. Lenzi pana ya namba 0.5 inalingana na milimita 13 na inaona zaidi ya nyuzi 100. Hiyo inaumeza mnara wote hata ukiwa umesimama mlangoni pake.

Simu iliyowafungulia wengi mlango huu ni LG G5, iliyoonyeshwa Barcelona Februari 2016, ikiwa na lenzi ya pili nyuma yenye upana wa nyuzi 135. Watu wakati huo walizungumzia zaidi betri yake iliyochomoka kwa chini kama droo. Droo imesahaulika, na lenzi pana leo iko karibu kila simu.

Ila lenzi pana ina tabia zake. Kilichoko pembeni huvutwa kama ulimbo. Majengo huvumilia, nyuso hazivumilii. Kwenye picha ya ukoo, wazee wawekwe katikati, na vijana wembamba ndio wakae kingoni. Tena, simu nyingi huipa lenzi hiyo kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga, kidogo kuliko kile cha lenzi kuu, na usiku utaliona hilo mwenyewe kwenye vivuli.

Kuna mtego mwingine unaowasumbua sana akina dada wanaopiga picha za hina. Simu nyingi za bei ya juu, iPhone zikiwemo tangu 13 Pro ya mwaka 2021, hutumia lenzi pana kwa kupiga vitu vya karibu sana. Ukisogeza simu kwenye kiganja ili upate ua lilivyochorwa, simu inahama kimyakimya kutoka lenzi kuu kwenda lenzi pana, pembe inabadilika, na kivuli cha simu yenyewe kinaangukia mkononi. Kwenye iPhone, ingia Mipangilio, sehemu ya kamera, uwashe kitufe cha kudhibiti makro. Tangu hapo alama ndogo ya ua itajitokeza kwenye skrini kila simu inapotaka kuhama, na ukiigusa, simu inabaki kwenye lenzi ilipo. Kisha urudi nyuma shibiri moja na kuvuta kwa namba 2. Hina itakaa sawa.

Kioo kilicholazwa ubavu

Sasa twende kisiwani. Feri hutoka kwenye gati lililo mwisho wa mtaa wa Bay, na mojawapo, Trillium, inaelea tangu 1910. Ukishuka Centre Island na kugeuka kuutazama mji, mnara uko umbali wa kilomita 2 na kidogo, na kati yenu kuna maji ya Ziwa Ontario. Kwa namba 1, mnara mzima haufiki hata sehemu moja ya tano ya urefu wa picha: kijiti juu ya maji. Kwa lenzi ya mara 5, inayolingana na milimita 120, mnara uleule unajaza zaidi ya robo tatu ya picha, kutoka shina hadi ncha. Nimeishika simu mahali hapo mara nyingi, na bado furaha ya kubonyeza 5 haijanitoka. Ni kama mnara umevuka maji kukufuata.

Tatizo la kuvuta kwa mbali ni kwamba lenzi ya namna hiyo inadai nafasi kati ya kioo na kihisi, na simu ina unene wa milimita 8 hivi. Watengenezaji walihangaika miaka. Samsung waliamua mwaka 2013 kuacha unene uwe unene: Galaxy S4 Zoom ilikuwa na lenzi halisi ya kuvuta mara 10, milimita 24 hadi 240, iliyojitokeza kwa mbele kama ya kamera ya kawaida. Kwa simu ya mfukoni ilikuwa mzigo, lakini kila namba kati ya 1 na 10 ilikuwa kioo, na hilo simu nyembamba za leo haziwezi kulisema.

Njia iliyoshinda ilikuwa kuilaza lenzi ubavu. Mwanga unaingia kwenye dirisha la mraba, unagonga kipande cha kioo kilichokatwa kwa pembe, unapinda nyuzi 90, halafu unasafiri ndani ya simu kwa upana wake kama nyoka ndani ya shimo. Ni akili ileile ya periskopu ya nyambizi. Oppo waliuonyesha mfano wake Barcelona mwaka 2017, na Machi 2019 Huawei P30 Pro ikautia madukani kwa kishindo: mara 5, milimita 125. Mwaka uliofuata P40 Pro+ ya kampuni hiyohiyo ikafika mara 10. Apple walichelewa hadi iPhone 15 Pro Max ya 2023, wakaupindisha mwanga mara kadhaa ndani ya kioo kimoja, wakapata milimita 120. Oppo Find X7 Ultra, Januari 2024, ikawa ya kwanza kubeba periskopu mbili.

Rekodi mbili hapa sizipiti bila kuzitaja. Sony Xperia 1 IV ya 2022 ilikuwa na lenzi ambayo vioo vyake husogea kweli ndani ya simu kutoka milimita 85 hadi 125, na kila hatua ya katikati ni kioo. Na mwishoni mwa mwaka huohuo Tecno, jina ambalo kwetu liko kila kibanda cha simu kuanzia Kariakoo hadi Mombasa, walitoa Phantom X2 Pro, ya kwanza kuwa na lenzi ya picha za uso inayochomoza nje ukiiita na kurudi ndani ukimaliza. Milimita 65, umbali wa heshima kwa uso wa mtu. Namna hii mpya haikuanzia kwa wale wanaotangaza zaidi, ilianzia kwa kampuni ambayo soko lake kubwa ni Afrika.

Namba kubwa kuliko zote

Februari 2020 Galaxy S20 Ultra ilikuja na 100 iliyoandikwa kwenye mwili wake. Mara 100! Watu walipanda mapaa ya nyumba kuutafuta mwezi. Tuifanyie hesabu kwa utulivu, maana inafundisha zaidi ya matangazo yote.

Kioo cha kuvuta cha simu ile kilikuwa cha mara 4, na kihisi chake kilikuwa na pikseli milioni 48. Kutoka 4 kwenda 100 ni kukata mara 25 kwa upana na mara 25 kwa urefu. Yaani kinachobaki ni sehemu moja tu kati ya 625 za kihisi. Gawanya milioni 48 kwa 625: pikseli 76,800. Warithi wake, S21 Ultra hadi S23 Ultra, walikuwa na kioo cha mara 10 na pikseli milioni 10, kwa hiyo 100 ni sehemu moja ya 100: pikseli 100,000.

Sasa rudi nyuma hadi Novemba 2000, Japani. Sharp J-SH04, mojawapo ya simu za kwanza kabisa kuuzwa zikiwa na kamera, ilikuwa na pikseli 110,000. Kwa hiyo ukibonyeza 100 kwenye simu ya bei ya pikipiki, mwanga halisi unaoupata umepita kwenye pikseli chache kuliko za simu ya miaka 20 kabla yake. Kinachoongezwa juu ni kazi ya programu: simu hupiga picha nyingi kwa mfululizo, huzipanga moja juu ya nyingine, huondoa mtikisiko na kukisia mistari. Kazi hiyo ni kubwa na naiheshimu. Lakini makisio ni makisio. Machi 2023 mtu mmoja aliuonyesha mwezi uliofifishwa makusudi kwenye skrini ya kompyuta, akaupiga kwa simu ya Samsung, na simu ikamletea mashimo ya mwezi ambayo hayakuwemo. Samsung wenyewe wakaeleza kwamba simu imefunzwa kuutambua mwezi na kuuongezea uwazi. Google nao, kwenye Pixel 10 Pro ya 2025, wanafika 100 kwa akili bandia inayojaza kile ambacho kioo hakikukiona.

Mpango wangu mimi ni huu: najua kioo cha mwisho cha simu yangu ni cha namba gani, naizidisha mara mbili, na hapo ndipo ninapoacha. Kioo kikiwa cha 5, mwisho wangu ni 10. Kikiwa cha 3, ni 6. Picha za ukumbusho wa watu zisivuke hapo. Ukipiga ubao wa njia ulio mbali ili uusome, hiyo ni shughuli nyingine, vuta utakavyo.

Kidole

Nilikuwa kwenye harusi ya kwetu, ukumbini Scarborough, nimesimama nyuma ya meza za wazee. Adabu hainiruhusu kwenda kusimama mbele yao wakati bwana harusi anaingia. Nikabonyeza 3, nikapiga picha nyingi. Nyumbani nikaziona: nyuso laini kama zimepakwa rangi ya maji, kofia za mkono hazina hata tundu moja la ushonaji. Nilihisi nimewaibia watu siku yao.

Kesho yake jioni nilizima taa nyingi sebuleni, nikaweka 3, nikaifunika lenzi ya kuvuta kwa kidole. Picha haikuzimika. Kidole changu kiko juu ya lenzi ya mara 3, na skrini bado inaonyesha sebule! Simu ilikuwa inatumia lenzi kuu na kukata katikati, kisha kuniandikia 3.

Haikuwa ubovu. Simu nyingi hufanya hivyo kwa hesabu zake: lenzi ya kuvuta huwa na tundu dogo la mwanga na kihisi kidogo, gizani inashindwa, basi simu inaona afadhali kukata picha ya lenzi kuu. Hufanya hivyohivyo unapokaribia kitu kuliko lenzi ya kuvuta inavyoweza kukilenga. Ila inafanya bila kukuambia. Jaribio la kidole linachukua nusu dakika na ndilo la kwanza ninalomwonyesha mtu akinunua simu. Funika lenzi moja moja, badilisha namba, mchana na usiku, uandike mahali ni ipi inaitika wapi.

Ukishajua, shika usukani. Kwenye Samsung za daraja la juu, hali ya wataalamu ina herufi za kuchagua lenzi mwenyewe: UW ni pana, W ni kuu, T ni ya kuvuta. Kwenye iPhone, unapoandaa video, kuna kitufe cha kufunga kamera moja ili simu isiruke lenzi katikati ya kurekodi. Bila hicho, bibi harusi anatembea, na ghafla rangi ya gauni inabadilika kwa sababu vihisi viwili havioni weupe kwa jicho moja. Na tangu iPhone 15 Pro unaweza kuiagiza lenzi kuu ianze na 24, 28 au 35. Mimi naiweka 35. Upana wa 24 unaingiza viti, waya na miguu ya watu, 35 inakulazimisha usogee kwa mtu.

Na kabla ya yote hayo, futa lenzi kwa kitambaa safi. Mafuta ya pilau kwenye kioo hayaondolewi na programu yoyote.

Mita 5.6 kwa sekunde

Tarehe 20 Oktoba 2019, kwenye mbio za marathoni zinazopita kando ya Ziwa Ontario na kumalizikia karibu na ukumbi wa jiji, Mkenya Philemon Rono alitumia saa 2:05:00. Siku hiyohiyo Mkenya mwenzake Magdalyne Masai alishinda upande wa wanawake kwa 2:22:16. Zote mbili zilikuwa kasi kubwa kuliko zilizowahi kukimbiwa katika ardhi ya Kanada.

Kwa mpiga picha wa simu, kasi ya Rono ni mita 5.6 kwa kila sekunde. Mlango wa mwanga ukikaa wazi moja ya 60 ya sekunde, amekwishasonga sentimita 9, na uso wake umekuwa moshi. Ukikaa wazi moja ya 1000, amesonga milimita 5 na ushei tu. Asubuhi ya Oktoba yenye mawingu, lenzi ya mara 5 mara nyingi haina mwanga wa kutosha kwa moja ya 1000 bila chengachenga nyingi. Ndiyo maana kwenye marathoni natumia lenzi kuu kwa namba 2, nasimama kwenye kona ambako wakimbiaji hunijia, na kuweka kasi ya mlango mwenyewe. Bendera ya Kenya mikononi mwa watazamaji hutoka vizuri zaidi hivyo kuliko kuivuta kutoka ng'ambo ya barabara.

Macho matano, upana mmoja

Wanaohesabu lenzi wasikose Nokia 9 PureView ya 2019: kamera tano nyuma, tundu juu ya tundu. Zote zilikuwa za upana uleule. Haikuwa na lenzi ya kuvuta hata moja. Tano zile zilipiga pamoja, mbili za rangi na tatu za nyeusi na nyeupe, kisha simu ikaziunganisha kuwa picha moja. Kwa jina hilohilo la Nokia, mwaka 2012, ilikuwa imetoka 808 PureView: jicho moja tu, pikseli milioni 41, na ikavuta kwa kukata bila kuona haya, kwa sababu ilikuwa na cha kukata.

Kilichotoka Ontario

Baadhi ya mambo haya yana mizizi papa hapa. Kuchanganya picha kadhaa za mwanga tofauti ili dirisha na uso vyote vionekane, kazi ambayo simu yako hufanya kila ukibonyeza, alikuwa mwanzilishi wake mmoja Steve Mann, mzaliwa wa Hamilton na profesa wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliyeanza kuiandikia miaka ya 1990. Ukumbi wa kwanza wa kudumu wa IMAX duniani, Cinesphere, ulifunguliwa kando ya ziwa hapa mwaka 1971. Fremu moja ya filamu yake ina eneo karibu mara 29 ya kile kihisi cha inchi 1 ambacho simu kubwa za leo hujivunia.

Na kule Mount Dennis, magharibi ya mji, kulikuwa na mji mdogo wa Kodak, Kodak Heights, uliofungwa mwaka 2005. Kodak ndio waliosambaza kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa Shirley, ambazo maabara zilizitumia kwa miongo kuamua ngozi inapaswa kutoka vipi. Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, alilichunguza jambo hilo na kuliandika mwaka 2009. Nina picha za wazazi wangu ambamo meno na macho ndiyo yanayoonekana. Google walipotangaza mwaka 2021 kwamba wameifunza kamera ya Pixel 6 kuiona ngozi nyeusi ilivyo, niliiona kama deni lililoanza kulipwa. Hata hivyo, lenzi tatu za simu moja bado zinaweza kukupa rangi tatu za uso mmoja. Kwa hiyo picha za mtu mmoja, siku moja, nazipiga kwa lenzi moja.

Rekodi ya mita 356

Tangu 2011 watu hutembea nje ya mnara wa CN, kwenye ukingo wenye upana wa mita moja na nusu, wakiwa wamefungwa kamba, mita 356 juu ya barabara. Guinness waliitambua kuwa matembezi ya nje ya jengo ya juu kuliko yote. Wanaopanda hawaruhusiwi kubeba simu. Anayetaka kuwapiga lazima asimame chini.

Shangazi aliposikia habari hiyo, akataka kuwaona. Nilisimama mita 200 hivi kutoka kwenye shina, nikaiegemeza simu kwenye nguzo, nikafunga lenzi ya mara 5, nikaweka picha kubwa kuliko zote simu inayoweza kuhifadhi, na nikasubiri wachungulie. Mtu mzima kwenye picha ile ana urefu wa pikseli mia na kidogo. Niliikata, nikaituma bila kuipanua.

Sauti ikarudi baada ya sala ya magharibi ya kwao. "Nimewaona, sita. Yule wa mwisho kushoto hajaachia kamba."

Nikaifungua picha tena. Kweli, mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamba.